Askari wa Mwili na Kichomi cha Korona

Sijui sitiari ya kitabibu iliyokita mizizi nchini mwetu kuliko ile ya askari wa mwili. Kampeni za Ukimwi ndizo zilizoieneza: chembe nyeupe za CD4 ni askari, virusi ni adui, na idadi ya askari ikishuka mgonjwa yumo hatarini. Kwetu Gatuanyaga huitwa thigari, yaani askari huyohuyo katika vazi la Kikuyu.

Mwaka 2021 mjomba alilazwa kwa kichomi kilicholetwa na korona. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeitwa msomi katika ukoo (ingawa msomi wa fasihi!), nilikabidhiwa majibu ya maabara nimfafanulie nyanya. Limfositi zilikuwa zimepungua, nyutrofili zimezidi, na daktari ameagiza deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga. Nyanya alishtuka. "Askari wamekwisha, nanyi mwataka kuwafunga waliosalia?" Akaamuru wanawe wakaizuie dawa hiyo.

Kwa mantiki ya sitiari, nyanya hakukosea hata chembe. Sitiari yenyewe ndiyo iliyopungukiwa, kwani inahesabu askari bila kuwatofautisha. Katika kichomi kikali cha virusi, limfositi aina ya T huadimika katika damu: baadhi huhamia mapafuni, nyingine hufa, na zilizosalia huonyesha dalili za kuchoka. Nyutrofili nazo hufurika, zikamwaga kemikali zinazojeruhi hata vifuko vya hewa. Ndiyo sababu utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliotoa matokeo Juni 2020, ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takribani thuluthi moja miongoni mwa waliopumua kwa mashine, na kwa humusi moja miongoni mwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa.

Nikawaacha askari, nikamsimulia habari ya nyumba inayoungua. Wajuao kuzima moto ni wachache na wamechoka. Umati wa majirani umevamia, unavunja kuta na kumwaga maji hadi chumba cha kulala. Je, nyanya, umati huo usitulizwe?

Alinyamaza kitambo. "Haya, apewe. Lakini wale wachache watarudi lini?"

Swali hilo lilinishinda kulijibu siku ile. Karatasi ya pili, baada ya siku kadhaa, ilionyesha limfositi zimeanza kupanda. Nilimsomea tarakimu hizo mara mbili.