Risiti mlangoni

Jumamosi nilinunua unga na sukari katika duka moja kubwa hapa mjini Kisii. Kutoka kwa keshia hadi mlangoni ni hatua kumi tu, lakini soja akadai risiti. Nikampa. Akaichora kwa kalamu bila hata kutazama mfuko. Jamani, hiyo ni programu inayojibu "sawa" kabla ya kusoma data!

Kisha akataka kupekua mkoba wangu wa kompyuta. Hapo nikakataa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha yangu, pamoja na mali yangu kutopekuliwa. Risiti sawa, aangalie, lakini mkoba?

"Bosi, kitu kikipotea nakatwa mshahara mimi," akaninong'oneza.

Nikaufungua mwenyewe.