Tanga: Mtoto anayefungwa bao kila siku asaidiweje?

ALASIRI ya Tanga ni ya baiskeli. Jua likishapoa, baada ya swala ya Asri, wapanda baiskeli huvuka reli wakitoka upande wa bandari na kuingia Ngamiani, ambako barabara zinajulikana kwa namba badala ya majina. Saa hiyo ndipo mabaraza yanapojaa. Chini ya mwarobaini utakuta bao limewekwa katikati ya wazee wawili. Hatua chache mbele, vijana wameinamia ubao wa drafti, na kete zao ni vizibo vya soda: vya huyu vimetazama juu, vya yule vimefunikwa.

Pembeni hakosekani mtoto. Katumwa sukari, na sukari anayo mkononi, lakini miguu haimpeleki nyumbani. Anatazama.

Mzazi anayemngoja anaweza kuja juu: bao ni mchezo wa wasio na kazi, toka hapo! Lakini Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na hakuna aliyemwita mvivu. Swali lenye faida zaidi ni hili: mtoto akiupenda mchezo wa kufikiri, uwe bao, drafti au sataranji, afanye nini ili aujue kweli? Barazani ushauri hautafutwi, unamwagwa. Kazi ya mzazi ni kuuchambua, maana upo unaomjenga mtoto na upo unaomfukuza kabisa.

"Cheza tu, utajua"

Huu ndio ushauri unaosikika zaidi, na ni nusu ya ukweli. Mtoto asiyecheza hawezi kujua. Hata hivyo kila baraza lina mtu aliyecheza miaka 20 na anafungwa kwa kosa lilelile. Akimaliza mchezo mmoja anapanga kete upesi, anaanza mwingine. Amecheza sana, amejifunza kidogo.

Watazame mafundi. Bao likiisha, mikono haikimbilii kupanga upya. Linaanza bishano: "Ungetakata upande ule nisingekula." "Hapana, ulipotea kabla ya hapo." Kete zinarudishwa mpaka pale mambo yalipogeuka, na mchezo unachezwa tena kwa njia nyingine. Mpita njia anaona wazee wanagombana. Kumbe hilo ndilo darasa lenyewe.

Mzazi anaweza kulihamishia nyumbani hata kama yeye mwenyewe hajui kucheza. Mtoto akirudi kafungwa, asiulizwe "Umeshinda?" Aulizwe "Ilipoanza kuharibika ni wapi?" Mwanzoni atasema hajui. Baada ya wiki kadhaa ataanza kuonyesha kwa kidole. Siku hiyo ujue ameanza kuendelea.

"Kariri"

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, na 22 anabaki nazo mkononi. Anazinamua moja moja, na zikiisha ndipo wanaingia kwenye mtaji. Kete moja ikiwekwa inaweza kuzungusha ubao mpaka mtoto akapotea hesabu. Kwa hiyo mkubwa anamwonea huruma na kumpa mkato: ukianza, anza hivi, akienda huku, wewe nenda kule. Kwenye sataranji ni vivyo hivyo: kijana anakaririshwa mianzo kumi kabla hajajua kummaliza mfalme aliyebaki peke yake.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walichapisha mwaka 1973 majaribio waliyofanya kwa wachezaji wa sataranji. Walionyeshwa ubao kwa sekunde chache, kisha wakaambiwa waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zikiwa zimetoka kwenye mchezo halisi, bingwa aliwaacha mbali wanaojifunza. Zilipotawanywa ovyo, bingwa na mwanagenzi walikaribia kuwa sawa. Maana yake bingwa hana kichwa cha ajabu kinachonasa kila kitu. Anakumbuka kwa sababu anaelewa: haoni kete ishirini, anaona mambo matatu au manne anayoyafahamu.

Mtoto aliyekariri bila kuelewa hukwama pale mpinzani anapotoka nje ya kile alichokariri, na mpinzani hutoka mapema. Afadhali aanzie na kidogo anachokielewa. Kwenye bao njia hiyo imeshachongwa na waliotangulia: kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete 2 tangu mwanzo na hakuna kunamua. Mtoto anajua kwanza kula na kuzunguka. Nyumba na mengine yatafuata. Kwenye sataranji njia kama hiyo ni kuanza na kete chache: mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, mpaka aweze kumaliza bila kusaidiwa.

"Mfunge mpaka akome"

Ukitoka Tanga kushika barabara ya Pangani, kilomita zisizofika 20, unafika Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 ya Waswahili wa zama za Washirazi. Katika mwambao huu, karibu na fukwe, huota mkomwe, mmea wa miiba ambao hata ganda la tunda lake lina miiba. Ndani ya ganda hilo mna komwe, mbegu za kijivu, laini na ngumu kama kokoto. Hizo ndizo kete za bao. Mtoto wa pwani hahitaji duka ili aanze. Anahitaji kuangalia asichomwe.

Barazani nako kuna miiba. Watu wa pwani ni hodari wa maneno, na anayefungwa bao hupewa yake. Mzee mwenzio akikutania unacheka, unajibu. Mtoto wa miaka tisa akichekwa na watu wanane kwa mara moja habaki na somo, anabaki na aibu. Wapo wanaosema hiyo ndiyo dawa, kwamba akifungwa sana atakuwa sugu. Wengi hawawi sugu. Wanaacha.

Kinyume chake nacho si dawa. Baba anayejifungisha makusudi kila siku anamdanganya mwanawe, na mtoto hugundua mapema kuliko baba anavyodhani. Njia ya kati ipo. Kwanza, mpinzani wa kila siku awe yule anayemzidi kidogo, ambaye mtoto hufungwa naye mara nyingi na kumfunga mara mojamoja. Fundi mkubwa amtembelee siku moja moja. Pili, mtoto akizidiwa katikati ya mchezo, geuzeni ubao: wewe chukua upande wake mbovu, yeye achukue wako mzuri, muendelee. Akikufunga, kashinda kihalali kwa kuitumia nafasi nzuri. Ukimfunga, kaona kwa macho yake kwamba upande ule ulikuwa bado haujafa.

"Kipaji ni cha kuzaliwa"

Pangani iko kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga, mdomoni mwa mto, na pantoni huvusha watu na magari kwenda Bweni. Katika mitaa ya mji huo mkongwe, kama ilivyo Ngamiani, kuna jambo jepesi kuliona na gumu kulisema: barazani wamekaa wanaume. Msichana aliyetumwa sukari hatasimama kutazama dakika kumi bila kuambiwa kitu. Kisha watu husema wasichana hawana akili ya bao. Asiyeruhusiwa kutazama angejulia wapi?

Mwaka 2005, katika mtaa wa mabanda wa Katwe jijini Kampala, msichana wa Uganda aitwaye Phiona Mutesi alimfuata kaka yake mahali ambapo mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Alivutwa na uji. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Sataranji iliyofanyika Istanbul, Phiona alipata daraja la kimataifa la wanawake. Filamu ya maisha yake, *Queen of Katwe*, ilitoka mwaka 2016, na Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake.

Katika habari hii kipaji kinaweza kuwa kilikuwepo. Lakini kabla ya kipaji palikuwa na sahani ya uji, mahali salama pa kukaa, mtoto mwenzake wa kumwonyesha na mwalimu aliyekuja tena kesho yake. Hayo mzazi anaweza kuyaandaa bila kungoja kipaji kijitokeze. Kama baraza la nje si la binti yako, bao liingie uani. Mama na bibi wakae nalo, na kaka afundishwe kucheza na dada yake bila kumdharau.

"Mpe simu, kila kitu kimo"

Ni kweli kwamba simu imemfikishia mtoto wa Mkinga au Muheza mambo ambayo zamani yalihitaji klabu ya mjini. Programu ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010, haina malipo wala matangazo. Ina mafumbo ya sataranji kwa maelfu na wapinzani wa kila kiwango.

Hatari yake iko kwenye mwendo. Simu inakaribisha michezo ya dakika moja, tatu, tano. Mtoto anacheza arobaini kwa usiku mmoja na hakumbuki hata mmoja. Akifungwa, anabonyeza, mwingine unaanza. Ni ugonjwa uleule wa yule mtu wa miaka 20 barazani, ila huu unakwenda mbio zaidi na unakula bando na usingizi. Mzazi aweke utaratibu mwepesi: mchezo mmoja wa polepole, angalau dakika 15 kwa kila upande, kisha kuupitia. Kompyuta itaonyesha makosa yote mara moja, lakini isiulizwe kwanza. Mtoto ataje kosa lake, ndipo aone kama wamekubaliana.

"Atakuwa hodari wa hisabati"

Ahadi hii hupendwa na wanaouza mafunzo, na mzazi aipokee kwa tahadhari. Nchini Uingereza, jaribio lililohusisha shule 100 za msingi, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, liliwafuata watoto waliofundishwa sataranji darasani. Mwaka mmoja baadaye hawakuwa wamewazidi wenzao katika hisabati. Anayetaka mwanawe ajue hisabati amfundishe hisabati.

Basi bao lina faida gani? Lina faida yake lenyewe. Mtoto anajifunza kukaa, kungoja zamu, kufikiri kabla mkono haujafika ubaoni, na kukubali kwamba aliyemfunga hakumwonea. Tena anapata jambo ambalo siku hizi ni adimu: saa nzima pamoja na mzee ambaye hamgombezi wala hamtumi. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Kaa, leo nakufunga." Heshima na utani vinakaa kwenye mkeka mmoja.

Sharti moja halina mjadala: pesa zikiwekwa chini, mtoto anaondoka. Hapo hapana bao tena, pana kamari.

Kuhusu Tanga husemwa, waja leo, waondoka leo. Huenda ni kweli kwa mgeni wa mji, lakini kwa mgeni wa bao si kweli. Huyo akija leo atafungwa leo, na kesho, na kesho kutwa. Atakayedumu ni yule ambaye nyumbani kuna mtu wa kumsikiliza akisimulia alivyofungwa, asimcheke, wala asimwambie aache.