Siku tatu za maji

Ushauri wa jikoni, jinsi tunavyourithi, huja kama amri tupu. Loweka. Twanga kwanza. Usifunike chungu. Anayeutoa naye aliupata hivyohivyo, na ukimuuliza sababu atakutazama kana kwamba umeuliza kwa nini tunanawa mikono kabla ya kula. Kwa mambo mengi hilo halina hasara. Mchele uliooshwa mara mbili badala ya tatu haujamlemaza mtu. Muhogo ni habari nyingine.

Bibi yangu anaishi Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na analima muhogo mchungu kwa makusudi. Nguruwe pori wanauogopa, ngedere wanauogopa, na wezi wa shambani pia. Ule mtamu hupandwa karibu na nyumba, wa kutafuna na kuchemsha. Mchungu ndio ghala: unasubiri ardhini mpaka mwaka ambao mahindi yamekataa. Masharti yake alinifundisha nikiwa mdogo. Menya, loweka siku tatu hadi ulainike, kamua, anika, twanga, chekecha. Kisamvu nacho usikikatekate kwa kisu kama mchicha. Kitwange mpaka kilainike kabisa, ukichemshe chungu kikiwa wazi. Na ugali wa muhogo usiliwe mtupu, tafuta hata dagaa wachache au kunde.

Sababu nilizikuta Morogoro, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, katika kemia ya vyakula. Ndani ya seli za muhogo mna kitu kinaitwa linamarini, na kwenye kuta za seli hizohizo mna kimeng'enya cha kukivunja. Vikiwa vimetengana, hakuna kinachotokea. Mnyama akitafuna, au mchi ukishuka, kuta zinapasuka, vinakutana, na mwisho wake inatoka sianidi. Hiyo ndiyo silaha ya mmea, lakini ina udhaifu: huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo jua la kawaida la Newala linatosha kuipeperusha.

Kazi yote ya jikoni, basi, ni kuvikutanisha hivyo viwili mapema, nje ya tumbo. Muhogo unaochacha majini unalegea na seli zake zinafunguka. Kinu kinafanya kazi hiyohiyo kwa majani. Chungu kisichofunikwa kinaiachia sianidi mlango. Dagaa na kunde zina protini yenye salfa, ambayo mwili huitumia kuigeuza sianidi iliyobaki kuwa kitu kinachotoka na mkojo. Nilikaa darasani nikizihesabu amri za Bibi moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na kazi yake.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938. Mtu ambaye jana alitembea vizuri anakuta miguu imekakamaa, na haitarudi ilivyokuwa. Hauzidi wala haupungui. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, katika ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 mkoani Nampula, Msumbiji. Kwetu uliripotiwa Tarime, na Mtwara pia, miaka hiyohiyo ya 1980. Ukame huuongezea muhogo uchungu, na njaa huwaondolea watu subira: siku tatu zinakuwa moja, kunde zimekwisha, na dagaa hawana hela ya kuwanunua.

Kijijini kwa Bibi kuna mama anayetembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana, na fimbo mkononi. Sisi watoto tuliambiwa alipata miguu mwaka wa njaa, basi. Hakuna daktari aliyempa jina la kinachomsumbua, na mimi sijamwambia lolote nililosoma. Jina halitamnyoosha mguu, ila linaweza kumfanya akumbuke nani alikuwa anapika.

Kinachoniudhi katika ushauri wa kuloweka ni maji. Uwanda wa Makonde uko juu na maji yako mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wameshuka na kupanda na ndoo kichwani. Mwaka wa ukame nani atatoa ndoo mbili za maji kwa ajili ya mihogo wakati mtoto hajanywa? Kwa hiyo watu huukata muhogo na kuuanika moja kwa moja, yakawa makopa. Yakikauka haraka, kimeng'enya kinasimama kabla ya kumaliza kazi, na linamarini inabaki ndani. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga, na huko Msumbiji miaka ya ukame unga umepimwa ukakutwa na zaidi ya 100. Ushauri ulio sahihi kabisa unashindikana mwaka uleule unaohitajika.

Ndiyo maana nilifurahia kazi ya Howard Bradbury na wenzake wa Australia. Wao hawagusi mizizi. Wanaanza na unga uliokwisha kusagwa, na wanahitaji maji kidogo tu. Weka unga kwenye bakuli, chora alama ndani pale unga unapoishia. Mimina maji kidogokidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini. Kimeng'enya kilicholala kinaamka na kumaliza kazi yake. Pika ugali siku hiyohiyo kwa maji yanayochemka kama kawaida, maana unga mbichi ukilala utaota ukungu.

Desemba nilimwonyesha Bibi. Mzani hana, na alichokipenda ni kwamba hauhitajiki. Alichora alama kwa kipande cha mkaa, akakoroga, akatandaza kwenye uteo, akainama kuunusa.

"Sasa mjukuu wangu, mwaka huu mvua ipo. Tunahangaika kwa ajili ya nini?"

Nikamwambia kuhusu makopa ya mwaka juzi yaliyo darini. Akanyamaza. Ugali ulitoka mweupe kidogo kuliko aliouzoea, na alilalamika kwamba haunati vya kutosha, ila alimaliza sahani. Alipoosha bakuli alama ya mkaa ikafutika. Akatafuta msumari, akaichora upya.