Barua kutoka Uholanzi: Tuta lenye njia

Ndugu zangu wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Solai,

Nawaandikia kutoka kando ya mto Lek, kusini mwa Utrecht. Siku hizi naenda kazini nimenuna. Njia ya baiskeli iliyo juu ya tuta la mto imefungwa, nami nalazimika kuzunguka mashambani katika upepo unaopasua midomo, kisa na maana wanaimarisha tuta ambalo kwa macho yangu halina hata ufa. Nikiwa katika kununa huko, simu ikaleta picha kutoka Kihoto, Naivasha: mtu anapiga kasia kati ya nyumba za kupanga, maji yamefika madirishani. Hasira yangu ikahama palepale, ikaja kwenu.

Niwaeleze kwanza ya huku. Karibu robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1122 watu wa Utrecht waliuziba mkono mmoja wa mto Rhine pale Wijk bij Duurstede, na tangu hapo tuta la Lek limetunzwa kizazi kwa kizazi. Likivunjika leo, maji yanaweza kufika hadi Amsterdam. Ndiyo maana mamlaka ya maji ya hapa, De Stichtse Rijnlanden, inaimarisha kilomita 55 za tuta hilo, kutoka Amerongen hadi Schoonhoven.

Adui wanayemwogopa zaidi hayuko juu. Mto ukijaa, maji hupenya chini ya tuta kupitia tabaka la mchanga, kisha hububujika upande wa pili, katikati ya malisho ya kondoo. Yakitoka maangavu, watu wanayaangalia kwa makini. Yakianza kutoka na mchanga, tuta linaliwa kwa chini, na hapo magunia ya mchanga hupangwa kulizunguka jicho la chemchemi usiku huohuo. Dawa ya kudumu ni kuongeza udongo wa mfinyanzi, au kushindilia mabamba ya chuma ardhini ili kulikata lile tabaka. Kazi hiyo haifanywi wakati wowote wapendao. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, msimu wa mito kujaa, ni marufuku kulichimbua tuta. Mwanakandarasi anajua tarehe zake kabla hajaleta mashine.

Na njia ya baiskeli je? Inajengwa upya katika kazi hiyohiyo. Nilihudhuria baraza la wakazi, kahawa na biskuti mezani, na karibu jioni nzima ikaishia kwenye njia: iwe na upana gani, pikipiki za Jumapili zipite wapi, mama anayebeba watoto kwa baiskeli ya kreti apandie wapi. Nikawaza: watu hawa wameshiba. Lakini ukiishi hapa unaona kwamba njia ile ni sehemu ya ulinzi. Kila siku tuta linakanyagwa na wanafunzi, wastaafu, watu wenye mbwa. Wanajua fuko amefukua wapi, nyasi zimekauka wapi, lami imepasuka kwa urefu mahali gani. Wakiona jambo, wanapiga simu. Mto ukifurika, wapo wakazi waliofunzwa ambao hulipita tuta hatua kwa hatua, usiku, na tochi mkononi.

Sasa turudi kwetu. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai na watu 48 wakafa. Lilikuwa bwawa la udongo, limekaa juu ya makao ya watu, ndani ya shamba la mtu binafsi. Ni wangapi kati ya waliolala chini yake walikuwa wamewahi kuitwa wapande wakautazame ukuta wake? Miaka sita baadaye, alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Mai Mahiu, kwa sababu njia yao ya chini ilizibwa na magogo na matope. Tuta likaachia. Zaidi ya watu 50 walikufa. Huku watu hulitazama tuta kila siku lisipasuke. Kwetu tunaenda kulitazama likishapasuka.

Nawapenda, na nawajua. Msiba ukitokea hakuna mtu duniani anayewashinda kwa haraka: kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa usiku huohuo, mwekahazina anateuliwa, kufikia asubuhi blanketi na unga vimejaa pikapu. Mimi mwenyewe nachangia kutoka huku kwa moyo mweupe. Lakini mbona hatujawahi kufanya harambee ya kuzibua kalvati mwezi wa Februari? Msiniambie Uholanzi ni tajiri. Jembe na panga havihitaji euro.

Najua maziwa yetu ni kesi nyingine. Ziwa Nakuru halina pa kutokea. Limepanda kwa zaidi ya muongo mmoja wa mvua nyingi, likameza lango la mbuga, likawafuata watu hadi mitaa ya Mwariki na Barut. Tuta si jibu la kila mahali, na Waholanzi wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 1995 watu wapatao 250,000 walihamishwa kwa kuhofia mito, na baadaye, mahali zaidi ya 30, nchi iliamua kuupisha mto badala ya kuubana. Kule Overdiepse Polder wakulima wengine waliondoka, wengine wakajengewa vilima vya kuwekea nyumba zao upya. Walikaa mezani, wakafidiwa. Wa Kihoto wenye hati wanastahili meza hiyohiyo, wala si hema na ahadi ya kiongozi aliyevaa gambuti kwa ajili ya kamera.

Basi fanyeni haya kabla ya mvua ya masika. Tafuteni mabwawa yote ya udongo yaliyo juu ya kijiji chenu, kisha chama cha watumiaji maji kiulize Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama kila moja lina kibali na lilikaguliwa lini. Mkipata ruhusa ya kupanda, tazameni chini ya ukuta: unyevu mpya, maji yenye matope, mashimo ya wanyama. Ukuta uote nyasi fupi, si mikaratusi; mzizi ukioza huacha njia ya maji. Njia ya kumwagia maji ya ziada isizibwe kwa sababu yoyote, hata kama mwenye shamba anataka kuhifadhi zaidi. Na chini ya reli na barabara, kila kalvati iwe na kijana mnayemjua kwa jina, mwenye jukumu la kupiga simu ikiziba.

Na kaunti ikija siku moja na mchoro wa tuta, liwe la Mwariki au la Njoro, msiridhike kuuliza kimo chake tu. Daini njia juu yake, pana ya kutosha baiskeli ya maziwa na mkokoteni kupishana, yenye mteremko wa kupandia kila baada ya nyumba chache, na isiwe na geti. Mkiambiwa njia itaongeza gharama, ombeni hesabu hiyo isomwe barazani, mbele ya watu watakaolala chini ya tuta hilo.