Naye ni Mzazi, Mpikieni Mtori



Kwetu sisi tuliolelewa chini ya Mlima Kilimanjaro, haulizwi mtu mzazi apikiwe nini. Habari zikifika kwamba fulani amejifungua salama, mama mkwe huingia kihambani na panga, hukata mkungu wa mshare, na kabla jua halijazama nyumba nzima inanukia mtori. Mzazi hunywa mtori asubuhi, mchana na usiku. Akisema ameshiba, huambiwa, “Si wewe unayekunywa, ni mtoto.” Nilipomzaa binti yetu wa kwanza mwaka 2000, marehemu mama mkwe wangu alinipikia mtori kwa wiki sita mfululizo, wala hakuniruhusu kuinua hata ndoo ya maji. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi mbichi zikichemka pamoja na mifupa ya ng'ombe, moyo wangu hutulia.

Lakini mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mzazi ambaye hapikiwi mtori.

Mwezi wa Juni 2022 binti yetu huyo huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi 8. Asubuhi moja aliona mtoto hachezi tumboni. Hakungoja, alikwenda hospitali na mumewe saa ile ile. Walipompima wakakuta moyo wa mtoto umekwisha kusimama. Alianzishiwa uchungu, na usiku akajifungua mtoto wa kiume, mzuri, mwenye nywele nyingi. Kulipokucha mkwe wetu na baba yake wakaenda kumzika. Jioni ya siku iliyofuata tukamrudisha binti nyumbani kwake, akiwa mikono mitupu.

Watu walikuja kutupa pole, siwezi kusema hawakuja. Walikaa, wakaomba, wakamwambia kwamba bado ni kijana na Mungu atampa mwingine, kisha wakaaga. Jikoni palipikwa ugali na maharage kwa ajili ya wageni. Binti yangu aliletewa sahani yake kama mgeni mwingine yeyote, akaigeuza-geuza kwa vidole, ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Alikunywa chai ya rangi tu, akageukia ukutani.

Nilimwuliza mama mkwe wake kwa upole kama kihambani kuna mshare uliokomaa. Alinitazama kwa mshangao, akasema kwa sauti ya chini, “Mama, mtori wa nini, na mtoto hayupo? Si tutamtonesha kidonda?”

Hakusema kwa ubaya. Yeye ni mama mwenye huruma, na hayo ndiyo aliyoyakuta. Mtori tumezoea kuuhesabu kuwa chakula cha furaha, chakula cha kuleta maziwa. Kama hakuna wa kunyonya, basi chungu hakiinjikwi.

Mimi ni muuguzi, na nimehudumu miaka mingi katika wodi ya wazazi. Mwili wa mwanamke haujui kwamba mtoto amefariki. Damu iliyopotea ni ile ile. Tumbo la uzazi linahitaji takriban wiki sita kurudi mahali pake, mtoto awepo asiwepo. Mgongo unauma, miguu inatetemeka, na kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne maziwa yanajaa. Akina mama ambao hawajapita njia hiyo mara nyingi hawalijui jambo hili. Binti yangu alijaa maziwa siku ya tatu. Aliniita chumbani, akanionyesha gauni lake lilivyolowa, asiseme neno.

Siku hiyo niliacha kuuliza ruhusa. Nilikwenda soko la Kiboriloni, nikanunua kichane cha mshare na nyama yenye mifupa, nikarudi nikainjika chungu.

Wengi wenu mnajua kupika mtori, lakini kwa dada zetu wa mikoa mingine nitaeleza ninavyoupika mimi. Kwa watu watano au sita, chukua nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1, ndizi mbichi za mshare 10 hadi 12, vitunguu maji 2, karoti 1, nyanya 2 na chumvi. Kama mshare haupatikani kwenu, tumia ndizi nyingine za kupika, ila ziwe mbichi kabisa, zisiwe zimeanza kuiva.

Osha nyama, iweke sufuriani na maji lita 2 na chumvi kidogo, uichemshe kwa moto wa wastani kwa muda wa saa moja na nusu au zaidi, mpaka iachie mfupa. Wakati huo paka mafuta ya kupikia mikononi ili utomvu usikugande, menya ndizi, na kila unayoimenya iitumbukize katika maji baridi isigeuke nyeusi. Nyama ikiiva, iopoe uiweke kando. Katika supu iliyobaki tia ndizi ulizokatakata, vitunguu, karoti na nyanya. Funika, uchemshe kama dakika 30 au 40, hata ndizi zivunjike kwa kuguswa na mwiko. Sasa ponda kwa mwiko au kwa kipekecho mpaka upate uji mzito, laini, usio na mabonge. Ukiwa mzito mno, ongeza maji ya moto. Chambua nyama vipande vidogo, uirudishe chunguni, onja chumvi, malizia na kijiko cha samli au kikombe cha maziwa. Acha utokote kidogo tu, kisha epua.

Usiweke pilipili wala viungo vikali. Mtu mwenye huzuni hana nguvu ya kutafuna, na koo lake ni kama limefungwa. Mtori hauhitaji kutafunwa, ndiyo maana unafaa.

Nilimpelekea katika bakuli, nikaketi kitandani. Aliutambua kwa harufu kabla hajageuka. Machozi yakamtoka. “Mama,” akasema, “huu si wa mzazi?”

“Ni wa mzazi, mwanangu,” nikamjibu. “Ndiyo maana nimekuletea wewe.”

Alilia sana. Ndicho kilio alichokuwa hajakilia tangu hospitali. Nilimwacha alie. Baadaye akanywa vijiko vinne, akapumzika, akanywa vingine vitatu. Bakuli halikwisha, nami sikumlazimisha. Usiku aliomba mwenyewe.

Kesho yake alfajiri mama mkwe wake aligonga mlango wa jikoni. Alikuwa amebeba mkungu mzima wa mshare kichwani, umande ukiwa bado juu yake. Aliutua, akaketi juu ya kigoda, akanisimulia jambo ambalo hata mwanawe hakuwa akilijua. Naye kabla ya mwanawe huyo alipata mtoto wa kike ambaye hakulia. Siku ya tatu alikuwa amekwisha kurudi kukata majani ya ng'ombe. “Hakuna aliyenipikia,” akasema. “Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.” Akavuta kisu, akaanza kumenya ndizi. Tukamenya pamoja kimya kimya, na siku ile mtori aliupika yeye. Binti yangu alipomwona akiingia na bakuli, alijaribu kuinuka kwa heshima. Mama yule akamrudisha kwenye mto, akamwambia, “Lala, mzazi.”

Kuanzia saa ile nikaona kitu kimelegea katika nyumba yao. Hofu ya binti yangu haikuwa kifo cha mtoto peke yake. Alikuwa akijiuliza atatazamwaje kwa wakwe zake, na kama atahesabiwa kuwa mwanamke aliyeshindwa. Bakuli lile lilimjibu.

Tusimsahau na baba wa mtoto. Mkwe wetu alikuwa anapokea wageni, analipa madeni ya hospitali, anazungumza na ndugu, na kila aliyefika alimwuliza, “Mkeo anaendeleaje?” Hakuna aliyemwuliza yeye kama amekula. Kwa ajili yake nilipika makande, kwa sababu makande hukaa jikoni mchana kutwa yakimngoja mtu. Loweka vikombe 3 vya mahindi yaliyokobolewa na vikombe 2 vya maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, uchemshe kwa saa mbili au zaidi mpaka vyote viwe laini. Kaanga kitunguu, nyanya na karoti, changanya, tia tui la nazi na chumvi, acha vitokote taratibu. Jioni moja nilimkuta amesimama jikoni peke yake, sahani mkononi, anakula huku machozi yanamtiririka. Nikapita kama sikumwona, nikamwekea kikombe cha maji mezani.

Wapendwa, mara nyingi tunapofika kwenye nyumba yenye majonzi ya namna hii, tunakimbilia maneno. Tunataka tupate andiko la kufaa, tutoe sababu, tumwambie mwenzetu Mungu alikusudia nini. Hebu tusome tena habari za nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Mtumishi wa Mungu amechoka, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika anakuja. Hamkemei kwa kukosa imani, wala hamweleze sababu ya mateso yake. Anamgusa, anamwambia ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile, kwa kuwa anajua safari iliyo mbele ni ndefu. Kwa nguvu za chakula hicho alikwenda siku 40, mchana na usiku. Neno la Bwana lilikuja baadaye, kule Horebu. Chakula kilitangulia.

Siku 40 karibu ni sawa na arobaini ya mzazi. Basi mama aliyepoteza mtoto naye ana arobaini yake. Apumzike, asichote maji wala kubeba kuni, alishwe vizuri. Nyama ya kwenye mtori humrudishia madini ya chuma yaliyopotea na damu. Mpeni pia mboga za majani kama mchicha, na matunda kama chungwa au papai, ambayo husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai asinywe pamoja na chakula, maana huyazuia. Anywe saa moja au mbili baadaye. Kama amepewa vidonge vya kuongeza damu, avimalize.

Maziwa yakijaa, avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana mno, aweke kitambaa cha maji baridi, na akamue kidogo tu kiasi cha kupunguza maumivu. Yatapungua yenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini akitokwa na damu nyingi, akipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au titi likiwa jekundu na la moto, apelekwe hospitali bila kukawia. Na kama wiki zinapita naye halali, hali, hataki kuonana na mtu, au anasema afadhali asingekuwapo, msimwache peke yake. Huo ni ugonjwa unaotibika, aonwe na daktari.

Tangu mwaka ule, wanawake wa jumuiya yetu tumekubaliana jambo moja dogo. Mwenzetu akipoteza mimba au mtoto, hata kama mimba ilikuwa ya miezi mitatu tu, tunagawana siku. Mmoja hupika Jumatatu, mwingine Jumanne, hata wiki mbili ziishe. Hatupeleki hotuba. Tunapeleka mtori, na mwenye kihamba humpa ndizi asiye na kihamba. Mwanzoni wengine walisita, wakiogopa kumtonesha mwenzao, kama alivyoogopa mama yule. Sasa ndio wa kwanza kuuliza zamu yao ni lini.

Binti yetu hajapata mtoto mwingine bado. Tunaomba, na tunangoja. Lakini mwezi uliopita alishuka kutoka kwake akiwa na sufuria iliyofungwa kwa khanga, akapita nyumbani kwetu bila kuketi. Kulikuwa na msichana wa kwaya aliyeruhusiwa kutoka hospitali siku hiyo, mikono mitupu. “Mama, sikai,” akasema, “utapoa.”

Nawe dada unayesoma, bila shaka unamfahamu mmoja jirani yako. Usingoje mpaka upate maneno. Injika chungu leo, mpelekee ungali wa moto, na ukifika mwite jina lake: mzazi.