Amana ya Bustani

Haya ninayokuandikia leo nimeyaficha kifuani kwa miaka mingi. Mke wangu anayajua. Waliyajua pia wazee sita wa mtaa wetu, bibi mmoja muuza mahamri, na bwana mmoja mgeni, na baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nimeona niyaandike kabla nami sijaitwa, kwani huenda yakamfaa mtu ambaye sasa hivi ameshika mfuko wa watu mkononi mwake, uwe ni mfuko wa msikiti, wa chuo, wa maziko au wa harusi.

Mtaa wetu uko hapa kisiwani Mombasa. Katikati ya nyumba pana kiwanja ambacho tangu utoto wetu kilikuwa ni cha watu wote. Tulicheza mpira pale, na usiku wa joto wazee walitandika mikeka wakapunga upepo. Baadaye tukakipuuza. Mmoja alitupa kifusi, wa pili akatupa taka, na mwisho kikawa jaa. Siku moja tukaamka tukakuta mabati manne yamesimamishwa pembeni, na hakuna aliyejua ni ya nani. Sisi watu wa mwambao tunaijua habari hii: kiwanja kisichotumiwa mchana hupata mwenyewe usiku.

Wala si kwetu tu. Mwaka 1906 tajiri mmoja Muislamu aliyetoka Karachi, Alibhai Mulla Jeevanjee, ambaye pia alikuwa mkandarasi wa reli ya Uganda, aliwapa watu wa Nairobi bustani ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mtu angedhani kwamba kitu kilichotolewa kwa wote kitasalimika. Lakini mwaka 1991 ikatokea azma ya kujenga juu yake, na mjukuu wake, Zarina Patel, akawa mmoja wa waliosimama kuitetea mpaka ikanusurika. Na miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai alipambana na wakubwa waliotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Bustani ya watu wote, ikiwa watu wote wamelala, haina mlinzi.

Basi mwaka 2010 jirani yetu mmoja, mfanya biashara, akatuletea habari njema. Yeye alikuwa mwanachama katika tawi la mojawapo ya vyama vile vikubwa vya kutumikia jamii. Wengi wetu tulikuwa tukiviona vibao vyao tu, mbele ya zahanati na kando ya visima, bila ya kujua ni kina nani. Akatueleza kwamba vyama hivi vilianza Marekani, katika mji wa Chicago. Rotary kilianzishwa mwaka 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu, wakawa wanakutana kwa zamu katika ofisi ya huyu na ya yule, na zamu hiyo ndiyo iliyokipa chama jina. Moja ya kazi zao za mwanzo kwa ajili ya mji ilikuwa ni kusaidia vijengwe vyoo vya watu wote. Lions kilianza mwaka 1917 kwa juhudi ya Melvin Jones, mtu wa kazi ya bima. Fikra yao wote ni moja: mwenye kazi yake na riziki yake atoe sehemu ya wakati wake na mali yake kwa ajili ya jirani asiyemjua.

Jirani yetu akasema chama chake kiko tayari kutusaidia kukifanya kiwanja kiwe bustani, lakini kwa sharti. Tupate kwanza ruhusa ya Manispaa kwa maandishi. Kisha tuchange wenyewe shilingi laki moja na nusu, nao watatia nyingine kadiri hiyo hiyo. Sharti hilo lilinipendeza, kwani mtu hukilinda kile alichokitolea jasho.

Ikaundwa kamati ya watu saba: wazee sita na mimi. Mimi nikafanywa mweka hazina, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikuwa karani, najua vitabu vya hisabu. Ya pili, marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, na watu walisema mtoto wa mwalimu hawezi kula cha watu. Nikapewa sanduku la bati, kufuli yake na ufunguo wake. Hakuna aliyeuliza ufunguo wa pili uko wapi, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Kazi ya kuchanga ikaanza, na wallahi ilikuwa ni kazi ya kufurahisha. Kinamama walipika biriani wakauza kwa sahani. Vijana walifanya mashindano ya mpira kwa kiingilio cha shilingi 50. Mzee mmoja alitoa mbuzi akanadiwa, na aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, hata mbuzi yule akauzwa mara tatu jioni moja. Na kila Ijumaa baada ya alasiri alikuja yule bibi muuza mahamri, akafungua pindo la leso yake, akatoa shilingi 20, akasimama mpaka azione zimeingia sandukuni.

Ilipobakia kidogo kufika, mtu mmoja wa chama akapendekeza tuuze tiketi za bahati nasibu, na zawadi iwe baiskeli. Hapo nikasimama. Nikasema kwamba watu mia watoe na mmoja achukue kwa kubahatisha tu, hiyo ni kamari, na kamari kwetu ni haramu hata kama faida yake itajenga bustani. Nikasema kuwa jambo jema halijengwi kwa njia mbaya. Wageni wetu wakasikiliza kwa adabu, wakaliondoa pendekezo lao, na mmoja wao, Mkristo, akanishukuru akasema kwamba kanisani kwao pia wapo wasioipenda. Wazee wakanipiga mgongoni, nami nikarudi nyumbani kichwa juu.

Ndugu msomaji, sasa nisikilize. Siku ile niliposimama kuwakataza watu kamari, nilikuwa tayari nimekwisha kutia mkono katika sanduku.

Mambo yalikuwa hivi. Mshahara wangu ulikuwa umechelewa miezi miwili, na mwanangu alitakiwa alipiwe ada ya mtihani wa kidato cha nne kabla ya siku maalumu, ama sivyo asubiri mwaka mzima. Nilikwenda kwa watu wawili kukopa, sikupata. Usiku nikalitazama sanduku lililokuwa chini ya kitanda changu. Nafsi ikaniambia: "Huibi, unakopa. Mwisho wa mwezi utarudisha, na hakuna atakayedhurika." Nikafungua, nikachukua shilingi 6,400. Katika kitabu sikuandika kitu. Na hapo ndipo nilipojua kuwa sikopi, kwani mwenye kukopa huwa na mwenye kumkopesha, na mimi sikumuuliza mtu.

Mwisho wa mwezi mshahara haukuja. Badala yake ikaja barua kwamba mweka hazina wa chama atafika Jumamosi, tulifungue sanduku na kulihesabu pamoja mbele ya kamati, kisha aandike hundi yao. Nikakosa usingizi. Siku ya tatu mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia yote.

Hakunilaumu kwa sauti. Alivua bangili yake ya dhahabu, ambayo mama yake alimpa siku ya harusi, akaiweka juu ya mkeka. Akasema, "Baba watoto, kaiuze hii, pesa zirudi."

Nikashusha pumzi. Kumbe hakuwa amemaliza.

"Lakini usizirudishe kimya kimya," akasema. "Ukifanya hivyo umelipa pesa tu, amana hujailipa. Nenda kawaambie wenyewe."

Nikamwambia, "Nitaaibika."

Akanijibu, "Utaaibika mtaani. Je, unataka iwe ni huko tuendako?"

Bangili ikauzwa. Usiku wa Alhamisi, baada ya sala ya isha, nikawakusanya wazee sita nyumbani kwa mwenyekiti, nikaweka pesa mbele yao, nikasema nilivyofanya. Palikuwa na kimya kirefu. Mmoja akasema kwa hasira nitolewe na nitangazwe. Mwingine akasema kwa huruma kwamba pesa zimetimia, basi tufunike, mgeni asijue. Mwenyekiti, mzee wa makamo ya baba yangu, akawanyamazisha wote wawili. Akaniambia, "Lete kitabu. Andika siku uliyochukua, na kiasi, na siku uliyorudisha, na jina lako." Nikaandika, na mkono ulinitetemeka. Kisha akasema, "Ufunguo." Nikampa.

Asubuhi nikamwendea yule bibi. Nilimkuta jikoni, mahamri yako motoni, nikamwambia: "Mama, katika pesa nilizokula zimo zako." Akanitazama kwa muda, akageuza mahamri yake, akasema, "Mwanangu, mimi nilimtolea Mola wangu, langu halikupotea. Lako ndilo lililotaka kupotea. Mshukuru mkeo."

Jumamosi yule bwana wa chama akafika. Alipofungua kitabu akauona ule mstari, akauliza. Nikamweleza mwenyewe. Nilidhani atafunga mkoba wake aende zake. Alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. Kwao, akasema, hakuna mtu anayehesabu pesa peke yake, hata awe mwaminifu wa namna gani, na hundi haitoki ila kwa saini mbili. Akasema hayo hayakuwekwa kwa kuwa wenzake ni wezi, bali ili mtu mwema asiachwe peke yake na majaribu usiku wa dhiki. Akatueleza pia kuwa wao huweka hisabu mbili mbalimbali. Ada wanazotoa wanachama ndizo zinazolipia chai yao na barua zao. Ama zile zilizochangwa na watu hurudi kwa watu, wala chama hakizili. Baadaye nikasoma kwamba kwa Lions hii ni kanuni iliyoandikwa duniani kote.

Niliona haya, na haya yangu yalikuwa na sababu zaidi ya moja. Kwetu sisi, kumuuliza mtu hisabu huonekana ni kumtukana. Tunasema, "Huyu ni mtu wa dini, muachieni," kisha tunamuacha na shetani wake. Na hali Kitabu chetu wenyewe, katika Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Kurani nzima ni ile ya 282, nayo inatuamrisha tuandike madeni na tuweke mashahidi. Jambo hilo tumelisoma tangu tukiwa wadogo chuoni, tukalihifadhi kwa moyo, na sanduku la bati tukampa mtu mmoja na ufunguo mmoja.

Chama kikatoa hundi. Kamati ikabadilisha mambo: sanduku likawa na kufuli mbili na watu wawili, kila atoaye akapewa risiti, na kila mwisho wa mwezi hisabu ikabandikwa ukutani dukani, kila mtu asome. Nilitazamia watu watachukizwa. Kinyume chake, walioacha kutoa wakarudi kutoa.

Bustani ikajengwa. Kifusi kiliondolewa, yakajengwa mabaraza manane ya saruji, yakatiwa mabembea mawili na bomba la maji, ikapandwa miche 14 ya miarobaini na mikungu. Yale mabati manne yaliondoka jinsi yalivyokuja, bila ya mwenyewe kuonekana. Mwenyekiti akaniambia, "Sasa wewe una kazi. Pesa hutashika, lakini maji utashika." Kwa kaskazi mbili, katika jua lile mnalolijua, nilichota maji kila jioni nikamwagilia miche. Watu walidhani ni mapenzi yangu ya miti. Miche mitatu ilikufa na 11 ikakua.

Leo nikipita pale huona kinamama wamekaa kivulini wakingojea watoto watoke chuoni, wazee wako kwenye bao, na kunguru wamejaa juu ya mikungu wakiyanyang'anyana matunda. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa apandaye mti, kila anachokula humo mtu, mnyama au ndege huandikiwa yeye sadaka. Mimi sithubutu kudai sadaka katika mti ambao karibu niuibe kabla haujapandwa. Naomba tu iandikiwe wale waliotoa, na yule bibi, Mungu amrehemu, awe wa kwanza wao.

Mwanangu alifaulu mtihani ule. Alipopata kazi alimnunulia mama yake bangili nyingine, bila ya kujua ile ya kwanza ilikwenda wapi. Akiyasoma haya atajua.

Ndugu yangu uliyeshika mfuko wa watu, usingoje usiku kama wangu. Kesho asubuhi mwite mwenzako, mpe ufunguo wa pili, na mfungue kitabu pamoja. Na wewe unayetoa, uliza hisabu bila ya kuona haya, kwani kumuuliza mtu huyo ni kumsitiri. Mwenyezi Mungu atulindie amana zetu na atusamehe tuliyoyafanya sirini na dhahiri. Amin.

Wassalaam.