Sponji

Gitega, Jumapili 13 Oktoba 2024, usiku

Nimerudi. Petroli ya shida, tumekwama Karuzi mpaka jua limezama. Arobaini ya bibi imepita salama, alhamdulillah.

Tangi halijawahi kupendeza hivi. Maji maangavu, utadhani samaki wanaelea hewani. Mpwa wangu kasimama pembeni, anangoja sifa. Nimempa.

Jumanne 15

Wawili. Frontosa mdogo kalala ubavu nyuma ya jiwe, mistari yake myeusi bado imekolea. Na brichardi mmoja. Jana jioni walikula!

Umeme huo. Usiku ulikatika, mashine ya hewa ikanyamaza.

Jumatano 16

Umeme ulikuwapo usiku kucha. Watatu.

Baridi? Kipimajoto kinasema 25. Dawa ya mbu? Hatujapuliza. Ugonjwa? Hakuna doa, hakuna utando, mapezi mazima. Ila wote wamepanda juu, midomo nje, wanahema kama waliokimbizwa, na ndani ya mashavu ni kwekundu mno. Jirani kaja, kachungulia: "Hawa mnawapika lini?" Siku zote nacheka. Leo hapana.

Alhamisi 17

Kipimo cha amonia kimetoka kijani. Kijani! Mwaka mzima njano tu.

Na maji yangu nimeyatengeneza yawe kama ya ziwani, pH karibu 9, na kwenye maji ya hivyo amonia huwa sumu kali zaidi. Nilivyojitahidi kuwaletea Tanganyika yao, ndivyo nilivyonoa kisu.

Nimetoa theluthi ya maji, nimeongeza yaliyolala kwenye beseni ili klorini itoke. Chakula marufuku. Mwingine kafa mchana. Lakini amonia yote hii imetoka wapi?

Ijumaa 18

Nimevua sponji la kwenye chujio. Jeupe. Lile lililokuwa la kahawia, linateleza, linanukia udongo wa mvua.

"Uliliosha?"

"Ndiyo mjomba! Kwenye bomba. Nimelikamua mara sita. Lilikuwa chafu sana."

Anatabasamu. Wale vijidudu wanaokula amonia waliishi humo humo, kwenye huo uchafu. Bomba moja, klorini, dakika tano, kwisha. Na chakula aliwapa mara mbili zaidi ili wasinikumbuke.

Nimemwambia ahsante. Sijui kwa nini. Yule frontosa ni yeye aliyempa jina.

Muyinga, Jumatatu 21 Oktoba

Sikukuu ya Ndadaye, maduka kimya. Nimerudishwa huku na mambo ya shamba la bibi. Tangi nimemwachia yeye tena, ningemwachia nani? Wamebaki watano kati ya kumi na wawili.

Baba mkubwa ana bwawa la tilapia nyuma ya migomba. Maji kama supu ya mboga, na samaki wanaruka! Nimekaa ukingoni na wivu wangu. Ananiambia nichukue kokoto chache za humo, zina utelezi mzuri. Ndio dawa yenyewe, najua, lakini magonjwa je? Ninazo mbili mfukoni, zimelowanisha suruali. Nitazitupa. Labda.

Saa mbili usiku, simu.

"Mjomba, leo wote wazima."

Moyo umetulia.

"Ila sponji limeanza kuchafuka tena. Nilioshe?"

Nimepiga ukelele mpaka baba mkubwa katoka nje na tochi.